UZI: Chai ya Waashuri kwa wageni – buli juu ya birika, vipimo, na makosa yanayoiharibu

Mwanabirika

Wakuu, habari za wakati huu. Chai ya Waashuri hutajwa pembenipembeni kwenye nyuzi za chai ya Iran na ya Uturuki, kisha watu wanakwenda kuichemsha kama turungi na kurudi wakisema ina ukakasi. Naiweka hapa kwa vipimo. Anayejua zaidi aongezee, na penye kosa arekebishe.

Kwa wasiowafahamu: Waashuri ni Wakristo ambao lugha yao, Sureth, ni tawi la Kiaramu. Kwao ni kaskazini mwa Iraq (tambarare za Ninawi, Alqosh, Dohuk), Urmia upande wa Iran, Hakkari na Tur Abdin upande wa Uturuki, na kando ya mto Khabur huko Syria. Leo wengi wako Chicago, Södertälje na Sydney. Mgeni akiingia kwao chai haingoji aulizwe kama anataka.

Msingi wake ni huu: majani hayatokoti, na ukali wa chai hauamuliwi jikoni. Buli dogo lina chai nzito. Birika chini yake lina maji yanayochemka. Kila mgeni huzimuliwa glasi yake kwa rangi anayoipenda yeye. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Vipimo vya wageni 6, kila mmoja glasi mbili. Glasi zao ni zile ndogo zenye kiuno, istikani, zinazobeba kama mililita 100. Hazijazwi hadi mdomo. Unaacha upana wa kidole ili mgeni apate pa kushika bila kuungua, kwa hiyo hesabu mililita 85. Glasi 12 ni kama lita moja ya chai iliyokwisha kuzimuliwa. Theluthi yake itoke kwenye buli, theluthi mbili kwenye birika.

Majani: gramu 20, sawa na vijiko vinne vya mezani visivyo na mlima, ya chai nyeusi ya majani marefu. Ya Ceylon ndiyo inayopatikana zaidi Iraq na inafaa sana. Maji ya buli: mililita 450. Usishangae kwamba utapata kama 350 tu, kwa sababu majani makavu hunywa maji karibu mara nne hadi tano ya uzito wake na hayarudishi. Iliki nne za kijani, zipasuliwe tu kwa kisu, zisisagwe. Birika lianze na lita 2.

Chemsha birika mpaka libubujike kabisa. Mimina maji kidogo kwenye buli tupu, lizungushe lipate moto, yamwage. Majani yaoshe kwa maji baridi ndani ya chujio kwa sekunde chache, vumbi litoke. Vumbi ndilo linaloanza kuleta ukakasi kabla majani hayajaiva. Yatie kwenye buli pamoja na iliki, mimina zile mililita 450, funika. Ondoa kifuniko cha birika, kalisha buli mahali pake, punguza moto hadi maji yawe yanachemka polepole. Mvuke wa chini ndio unaoivisha. Dakika 12 hadi 15.

Itakuwa tayari majani yakishazama. Dakika za mwanzo yanaelea yote juu. Yakibaki machache tu juu, onja. Chai nzito yenyewe itakuwa nyeusi ndani ya buli, lakini ukiizimua na kuinua glasi kwenye mwanga ni damu ya mzee, na unaona upande wa pili. Ikiwa na ukungu, kuna kitu kimekosewa.

Kutoka hapo una kama nusu saa ya chai nzuri. Baada ya hapo uchungu unapanda na harufu inashuka, hata ukipunguza moto.

Kericho77

Asante mkuu, imeeleweka. Swali: kwetu yaliyo dukani ni majani ya kawaida ya chembechembe. Nikitumia gramu 20 zilezile kwa dakika 15 natengeneza nini?

MzeeWaMajani

Unatengeneza dawa, Kericho77. Majani yetu mengi ya Kenya, na ya Mufindi na Rungwe pia, ni CTC: jani linapondwa, linachanwa na kuviringwa kuwa punje. Punje ina uso mwingi wa kugusana na maji, hivyo rangi na tanini vinatoka ndani ya dakika mbili tatu. Yameundwa kwa chai ya maziwa, na kwa kazi hiyo hayana mpinzani. Ukiyaacha robo saa juu ya mvuke, unakamua ukakasi wote.

Kama ndiyo uliyo nayo, fanya hivi. Punguza hadi gramu 12 au 13 kwa maji yaleyale. Usiyaoshe, maana rangi itakwenda na maji. Mimina maji yanayochemka, funika, acha dakika 5 *nje ya moto*, kisha chuja yote kwenye buli la pili lililopashwa moto na hilo la pili ndilo ulikalishe juu ya birika. Chai ikishatenganishwa na majani haikolei tena, na una muda wa kutosha wa kuhudumia. Chujio liwe la matundu madogo sana au kitambaa safi, la sivyo mashapo yatajaa chini ya glasi.

Jambo jingine la majani haya: chai yake nzito ikipoa inafanya ukungu, kama imetiwa tone la maziwa. Haijaharibika. Ni viungo vya rangi ya chai vinashikana na kafeini pale joto linaposhuka, na chai za Kenya zina viungo hivyo kwa wingi. Irudishie joto bila kuichemsha, itatakata.

Ila viwanda kadhaa vya Kenya siku hizi vinatengeneza pia chai ya majani marefu yasiyopondwa. Uliza maduka makubwa ya mijini. Hiyo itumie kwa vipimo vya Mwanabirika bila kubadili kitu.

Na ninyi mlioko Nairobi: mita 1,700 juu ya bahari maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Ongeza dakika mbili. Urmia yenyewe iko juu ya mita 1,300, kwa hiyo hata wenyewe hawaiivishi kwa nyuzi 100.

Tanga_Raha

Mimi chai yangu inafanya utando juu, ule unaong'aa kama mafuta na kugandia ukingoni mwa glasi. Nimebadilisha majani mara mbili, bado. Ni iliki?

MzeeWaMajani

Iliki ya unga huweza kuleta mafuta juu, ndiyo maana hapo juu imesemwa ipasuliwe tu. Lakini utando unaovunjika vipande ukiugusa na kijiko ni maji magumu. Maji ya visima vya pwani yamepita kwenye mawe ya chokaa na matumbawe. Chokaa ile inakutana na tanini na hewa juu ya chai, inatengeneza ngozi. Angalia ndani ya birika lako: kama kuna ukoko mweupe, jibu ndilo hilo.

Dawa ya kweli ni maji mengine, ya mvua au ya kuchujwa. Watu wengine wanakamua ndimu kwenye buli. Utando unaondoka ila rangi nayo inapauka na chai inakuwa nyingine kabisa. Magadi ndiyo mabaya zaidi. Yanaifanya chai iwe nyeusi upesi, unadhani imekolea, kumbe harufu imekufa na imebaki ladha ya sabuni.

Ukoko wa birika unatoka kwa ndimu mbili au kikombe cha siki, ujaze maji, uchemshe dakika 10, umwage, kisha uchemshe maji matupu mara moja.

Bi_Iliki

Wanangu, mmesema vizuri jikoni, tuje sebuleni, maana mgeni hanywi buli.

Glasi zipashwe moto kwa maji ya birika na kumwagwa. Baridi ya glasi nyembamba na maji yanayochemka hupasua. Kama huna muda wa kuzipasha, weka kijiko ndani kwanza na umimine kupitia juu yake; chuma kinapokea lile joto la mwanzo.

Mpangilio ni kisahani, glasi, kijiko kidogo. Wa Iraq wanaweka sukari chini ya glasi kabla ya chai, kijiko kimoja hadi viwili vya chai, na mgeni anakoroga mwenyewe kadiri ya utamu anaotaka. Asiyetaka tamu asikoroge, anywe ya juu. Kuna mgeni hapendi hata kidogo, kwa hiyo bakuli la sukari liwepo pembeni na uulize kabla ya kutia. Wa Urmia wanakunywa zaidi kama majirani zao Wairani: sukari ya vipande inashikwa mdomoni, chai inapita juu yake, na iliki mara nyingi haimo kabisa. Kwa hiyo ukimkaribisha mtu wa Urmia, iliki iweke kando. Atasikia harufu yake kabla hujamwambia, na kwake ni chai ya watu wengine.

Kumimina: chai nzito kwanza kupitia chujio dogo, halafu maji. Ukianza na maji hutaona rangi unayoijenga. Theluthi moja nzito ndiyo ya kawaida. Anayependa kali apate nusu kwa nusu. Wazee wenye kukosa usingizi na watoto, robo. Muulize kila mmoja, na raundi ya pili usiulize tena, kumbuka. Hapo ndipo mwenyeji hujulikana.

Mkubwa kwa umri aanze, awe mwanamume au mwanamke, kisha wageni, watu wa nyumbani mwisho. Sinia lipite na glasi zote zikiwa moto kwa pamoja. Kwa hiyo mimina nzito kwenye glasi zote sita kwanza, kisha zungusha maji kwa haraka. Ukimaliza glasi moja moja, ya kwanza imepoa ya sita ikiwa bado.

Na glasi tupu isikae mbele ya mgeni.

Kisahani

Bi Iliki shikamoo. Je, yale majani ya buli la kwanza tunaweza kuyaongezea maji kwa raundi ya tatu?

Bi_Iliki

Marahaba. Hapana, mwanangu. Kilichobaki kwenye majani yale ni uchungu, harufu imeshatoka. Glasi za raundi ya kwanza zikirudi, hapohapo anza buli la pili, maana linahitaji robo saa na wewe una raundi moja tu mkononi. Majani ya kwanza yamwage kwenye maua.

Na birika ukiliongezea maji ya baridi, subiri lichemke upya. Wengi wanasahau, wanazimua kwa maji ya uvuguvugu, kisha wanalaumu majani.

Fundi_Sufuria

Mimi sina birika la ghorofa mbili. Nimekalisha buli juu ya sufuria, likayumba. Halafu chai ikawa nyeusi kama wino, na ladha kama ya msumari. Buli ni la enameli, la zamani.

Mwanabirika

Mkuu, kagua ndani ya hilo buli, hasa chini na kwenye mdomo wa kumiminia. Enameli imemeguka mahali na chuma kiko wazi. Tanini ikikutana na chuma inatengeneza rangi nyeusi ileile ambayo zamani ilitumiwa kutengenezea wino wa kuandikia, kwa hiyo umeitaja sawasawa. Buli hilo lipandie maua. Tumia la kauri, la kioo kinachostahimili moto, au la chuma kisichoshika kutu. La alumini linafaa kwa maji, si kwa chai nzito inayokaa muda.

Kuhusu kukalisha: usihangaike na sufuria. Kinachotakiwa ni joto la upole, si ghorofa. Mimina maji kwenye buli la kauri, lifunge taulo nene kila upande, liache dakika 15 mezani. Birika libaki kwenye moto wake. Au weka bati nene juu ya jiko la gesi lenye moto wa chini kabisa na buli juu ya bati. Chai isitoe povu. Povu likipanda pembeni, imeshaanza kutokota.

Anayekalisha juu ya birika naye asilijaze. Maji yakifika karibu na mdomo yanaruka na kuchemsha kitako cha buli, na pia mvuke unakosa pa kutokea. Robo tatu inatosha.

Dada_Mdalasini

Na maziwa je? Nimeona Waashuri wa Marekani wanatia.

Mwanabirika

Wapo wanaotia, ila ni maziwa ya kopo yasiyo na sukari, yaliyopunguzwa maji. Hayachemshwi na majani kama tufanyavyo sisi. Yanaingia kwenye glasi au kikombe mwishoni, vijiko viwili vya chai kwa mililita 100, na chai yenyewe iwe nusu nzito nusu maji, la sivyo maziwa yatameza ladha yote. Maziwa haya yameshapashwa moto mkali kiwandani, kwa hiyo yana utamu wa kupikwa ambao maziwa mabichi hayana. Usiyachanganye na yale mazito yenye sukari, kopo zinafanana. Tikisa kopo kabla ya kufungua.

Kwa maoni yangu, glasi ya kwanza ya mgeni iwe kavu. Maziwa yaletwe kwenye kijagi kidogo, anayetaka ajitilie.

Mdalasini, kwa kuwa jina lako limeutaja: Iraq una chai yake peke yake, gome la mdalasini kwenye maji na sukari bila majani ya chai. Usiutie kwenye buli la iliki. Viwili hivyo vinagombana, na mdalasini ndio unaoshinda.

Bi_Iliki

Nimekumbuka jambo kubwa kuliko vipimo. Kabla ya kumwalika Mwashuri angalia kalenda ya kanisa. Wana mfungo wa Waninawi, siku 3, Jumatatu hadi Jumatano, wiki tatu kabla ya Kwaresima, wanauita Ba'utha. Na Kwaresima yenyewe. Wanaofunga kikamilifu hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Basi chai kavu, na kitafunio kisicho na siagi: tende, lozi, jozi, matunda. Usimletee kadeh, mkate wao wa siagi, ukamtia kwenye mtihani wa kukataa mkono wa mwenyeji.

Nje ya mfungo, kadeh ndiyo rafiki wa chai hii: mkate wa matabaka uliojazwa unga uliokaangwa kwa siagi. Krismasi na Pasaka ni kileche, unga wa hamira unaoviringwa na tende au jozi ndani na kukatwa vipande. Tende ni tamu sana, kwa hiyo glasi ya kileche ipunguziwe sukari. Ya asubuhi ni mkate, jibini yao inayoitwa gupta, na chai. Jibini ile ina chumvi, na hapo chai tamu inapendeza zaidi.

Salamu: "shlama" mgeni akiingia. Akipokea glasi atakwambia "basima raba", yaani ahsante sana.

Muscat_Kona

Nami niongeze kwa wasiotumia kafeini. Iraq kuna kinywaji cha ndimu kavu, numi Basra, nacho kinapatikana kwa Waashuri wa huko vilevile. Ndimu zilichukua jina la Basra kwa sababu ziliingilia bandari ile, lakini zilitoka kwetu huku Oman. Mlioko Unguja na Mombasa mnazipata kwa wauzaji wa viungo.

Lita moja ya maji, ndimu mbili kubwa. Zipasue, *toa mbegu zote*, mbegu ndizo zinazoleta uchungu. Tia kwenye maji yanayochemka, moto mdogo, dakika 5. Zikipita 10, ganda linaanza kutoa uchungu na sukari haiwezi kuuficha. Chuja, tia sukari, toa kwenye glasi zilezile. Chagua ndimu nyepesi inayotoa sauti ukiitikisa; yenye uzito bado ina unyevu, na ndani huwa na ukungu wa kuoza.

Kericho77

Swali la mwisho kwangu: wageni 20, ubatizo, jiko moja. Nafanyaje?

Mwanabirika

Glasi 40 kwa mililita 85 ni lita 3.4. Unahitaji lita 1.15 hivi ya chai nzito. Majani marefu gramu 70, maji lita 1.5, iliki 12. Buli la ukubwa huo ni adimu, tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu yenye kifuniko kizito: chemsha maji, *zima moto*, tia majani, funika, funga taulo, dakika 15. Chuja moja kwa moja kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Bila majani itakaa saa nzima ikiwa nzuri. Usikamue majani ili kupata kile kilichobaki. Kukamua kunashusha ukakasi wote kwenye chupa.

Chupa hiyo iwe ya chai nzito peke yake. Chupa iliyowahi kubeba kahawa au supu inatoa harufu kwenye kifuniko hata ikioshwa. Jiko sasa liko huru kwa birika kubwa la maji ya kuzimulia, lita 2.5, na juu yake ya kupashia glasi, yaani anza na lita 5. Msaidizi mmoja ashike chupa, wa pili ashike birika, wa tatu sinia.

Kisahani

Na samawari ya mkaa? Kuna moja inauzwa mtaani, ya shaba.

Bi_Iliki

Kabla ya kununua, ijaze maji uiache saa moja juu ya karatasi kavu. Kama karatasi imelowa chini ya bomba, bomba ndilo la kubadilisha tu. Kama imelowa katikati, kiungo cha mrija wa ndani kimeachia, iache.

Kanuni ya kuiwasha ni moja na haina msamaha: maji kwanza, moto baadaye. Mrija wa mkaa umeunganishwa kwa risasi. Ukiuwasha ukiwa mtupu, risasi inayeyuka na samawari imekwisha. Hata wakati wa kunywa, maji yasishuke chini ya theluthi. Iwashe nje na uiache nje, mkaa unaua ndani ya chumba kilichofungwa hata kama huoni moshi. Buli linakaa juu ya kichwa cha mrija kwenye ile taji yake, na hapo joto ni kali kuliko mvuke wa birika, kwa hiyo dakika 10 zinatosha. Likishaiva lishushe, lifunike kwa kitambaa.

Ndani ya shaba pawe pamepakwa bati jeupe. Ukiona wekundu wa shaba ndani, mpelekee fundi aipake upya kabla ya kuchemshia maji ya kunywa.